Medicare: bima ambayo mzee wa Marekani huiita yangu

Shangazi yangu alipopata kazi yake ya kwanza Marekani, mwaka 2007, ya kuhudumia wazee kwenye kituo kimoja huko Minnesota, alinipigia simu usiku akiwa na karatasi ya mshahara mkononi. Kodi ya serikali kuu aliielewa, ya jimbo aliielewa, makato ya pensheni nayo hayakumsumbua. Kilichomkera ni kamstari kadogo pale chini: Medicare, dola 17.40. Kwa wiki mbili hizo alikuwa amelipwa dola 1,200.

"Si wanasema hii ni bima ya afya? Sasa mbona nakatwa na kadi sina?"

Nikamwambia kadi ataipata akitimiza miaka 65. Wakati huo alikuwa na 49. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe nalipia uzee."

Ndivyo Wamarekani wengi wanavyoielewa pia, na ukiishika sentensi hiyo ya shangazi umeshika nusu ya siasa za afya za nchi ile. Ingawa, tukisema kweli, haiko sawa sana. Zile dola 17.40 hazikuwekwa kwenye kibubu chenye jina lake. Ziliondoka muda huohuo kwenda kulipia nyonga ya bibi fulani Florida, au moyo wa mzee fulani Ohio. Atakapozeeka yeye, vijana wa wakati huo watakatwa kwa ajili yake.

Medicare, basi, ni bima ya afya ya serikali kuu ya Marekani kwa watu wa miaka 65 na kuendelea. Ukishafika umri huo, haiulizi kama wewe ni bilionea au ulikuwa dereva wa basi, wala kama una kisukari au uliwahi kuugua saratani. Tangu mwaka 1973 inawahudumia pia baadhi ya watu wenye ulemavu ambao hawajafika umri huo, na wagonjwa ambao figo zao zimeshindwa kabisa. Wanufaika wote ni takriban milioni 68. Medicaid, yenye jina linalofanana nayo, ni kitu kingine: hiyo ni ya watu wa kipato cha chini wa umri wowote, na huendeshwa na majimbo kwa kushirikiana na serikali kuu. Usione aibu ukizichanganya. Hata wenyeji huzichanganya.

Swali la kwanza la mgeni huwa: kwa nini wazee? Ujerumani ilianza na wafanyakazi mwaka 1883. Uingereza iliwapa wakazi wake wote mwaka 1948. Marekani ikaanzia mwisho wa foleni.

Sababu inarudi kwenye Vita Kuu ya Pili. Serikali ilizuia mishahara isipande, na waajiri waliokuwa wakigombania wafanyakazi wakaanza kuwavutia kwa bima ya afya, ambayo haikutozwa kodi. Bima ikashikamana na ajira. Matokeo yake, siku unapostaafu unakabidhi funguo za ofisi na bima unaiacha hukohuko. Kampuni binafsi nazo hazikumtaka mteja wa miaka 70 mwenye pensheni ndogo na magonjwa matatu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, karibu nusu ya wazee wa nchi hiyo hawakuwa na bima ya hospitali.

Rais Harry Truman alikuwa ameliomba Bunge mwaka 1945 lianzishe bima ya taifa kwa kila mtu. Chama cha madaktari wa Marekani kikapigana naye kufa na kupona, kikiita mpango huo ujamaa, na katika miaka ile neno hilo lilitosha kuua muswada. Waliokuwa wakiutetea wakajipanga upya. Wakachagua kundi moja ambalo hakuna angeweza kuliita la wavivu. Nani atapanda jukwaani kumpinga bibi yake? Hata hivyo madaktari walipambana tena. Mwaka 1961 walisambaza santuri yenye sauti ya mwigizaji mmoja akionya juu ya tiba ya kijamaa, na wake za madaktari wakawaalika majirani kunywa kahawa na kuisikiliza. Mwigizaji huyo aliitwa Ronald Reagan. Tutakutana naye tena.

Mwaka 1964 Rais Lyndon Johnson alishinda uchaguzi kwa kishindo, na chama chake kikajaza viti bungeni. Sasa njia ilikuwa wazi, na mtu wa kuitembea alikuwa Wilbur Mills wa Arkansas, mwenyekiti wa kamati ya kodi ya Baraza la Wawakilishi. Mezani kwake kulikuwa na mapendekezo matatu yanayoshindana: bima ya hospitali ya kulipiwa kwa makato ya mishahara, bima ya hiari ya kulipia madaktari, na msaada kwa maskini peke yao. Watu walingoja achague moja. Mills, kama mtu aliyeletewa maandazi, vitumbua na chapati, akavipanga vyote kwenye sahani moja. La kwanza likawa Sehemu A ya Medicare, la pili Sehemu B, la tatu Medicaid. Ndiyo maana mpaka leo mpango wenyewe una mishono inayoonekana.

Johnson alisaini sheria tarehe 30 Julai 1965, na hakuisainia Ikulu. Alisafiri hadi Independence, Missouri, nyumbani kwa Truman, ambaye alikuwa na miaka 81, na kadi ya kwanza akapewa mzee huyo.

Kuna jambo moja la mwaka uliofuata ambalo husahaulika, nami naona lilikuwa kubwa kuliko kadi. Hospitali nyingi za kusini zilikuwa bado zinawatenga wagonjwa weusi: wodi zao, milango yao, nyingine hata kuwapokea hazikuwapokea. Serikali ikatangaza kwamba hospitali inayobagua haitalipwa hata senti ya Medicare. Wakaguzi walitumwa, na ndani ya miezi michache kabla ya huduma kuanza tarehe 1 Julai 1966, hospitali karibu zote zilikuwa zimeondoa vibao vyao. Kesi za mahakamani zilikuwa zimehangaika na jambo hilo kwa miaka.

Sasa tuifungue kadi yenyewe. Ni ya karatasi, ina rangi nyekundu, nyeupe na buluu, na juu yake kumeandikwa jina, namba, na tarehe za kuanza kwa Sehemu A na Sehemu B.

Sehemu A hulipia kulazwa hospitalini. Fedha zake hutoka kwenye makato ya mishahara, asilimia 1.45 ya mfanyakazi na asilimia 1.45 nyingine ya mwajiri. Aliyefanya kazi na kukatwa kwa miaka 10 hadaiwi ada ya mwezi. Sehemu B hulipia madaktari, vipimo na matibabu ya kwenda na kurudi. Hii ina ada: mwaka 1966 ilikuwa dola 3 kwa mwezi, mwaka 2025 ilikuwa dola 185, na wenye kipato kikubwa hulipa zaidi. Lakini ada za wanufaika hubeba karibu robo tu ya gharama za Sehemu B. Sehemu kubwa ya iliyobaki hutoka kwenye kodi za kawaida za nchi nzima. Mzee anayesema "nimeilipia" amelipa kweli. Wengine pia wamemlipia, na hilo halisemwi sana kwenye meza ya chakula.

Hata baada ya ada hiyo, ukimwona daktari unachangia asilimia 20 ya bili, na mchango huo hauna kikomo. Asilimia 20 ya homa si kitu. Asilimia 20 ya saratani ni gari. Ndiyo maana wengi hununua bima ya nyongeza, inayoitwa Medigap, au huhamia Sehemu C, maarufu kama Medicare Advantage, ambako serikali huilipa kampuni binafsi nayo ikakuhudumia. Kampuni hizo huweka kikomo cha matumizi yako, mara nyingi hukupa meno kidogo na miwani, na kila msimu wa vuli matangazo yao hujaa kwenye televisheni. Kwa upande wa pili, unabanwa kwenye orodha yao ya madaktari, na baadhi ya matibabu hayafanyiki mpaka kampuni iidhinishe kwanza. Zaidi ya nusu ya wanufaika sasa wako huko. Bima ya serikali inayosifiwa sana Marekani, kwa walio wengi, inatolewa na kampuni.

Sehemu D ni ya dawa za kumeza nyumbani, nayo ilikuja kuchelewa sana, mwaka 2006.

Na yasiyomo? Medicare ya kawaida hailipii kung'oa jino wala kutengenezewa meno ya bandia. Hailipii miwani ya kila siku wala vifaa vya kusikilizia. Haya wazee huyagundua mapema. Wanalochelewa kuligundua ni kubwa zaidi: hailipii matunzo ya muda mrefu. Mzee akitoka hospitalini akiwa amevunjika nyonga, inaweza kumlipia kituo cha uuguzi hadi siku 100, kwa masharti. Akihitaji tu mtu wa kumwogesha, kumlisha na kumgeuza kitandani kwa miaka minne, hiyo ni juu yake. Hulipa kutoka mfukoni mpaka akiba iishe, na akishabakiwa na karibu hakuna kitu, Medicaid humpokea. Wengi kati ya wale ambao shangazi aliwaogesha asubuhi walikuwa kwenye hatua hiyo. Walikuwa walimu, mafundi bomba, mke wa mwenye duka. Hakuna aliyejidhania maskini hadi alipofika pale.

Licha ya mapengo hayo, waulize Wamarekani na karibu 8 kati ya 10 watakwambia wanaipenda Medicare, wa chama hiki na wa kile. Katika nchi ambayo hata chanjo na mwendo wa basi hugeuka ugomvi wa vyama, hilo ni jambo la ajabu. Upendo huo una maudhi yake, na kuuelewa ni bora kutazama siku moja mjini Chicago.

Mwaka 1988 Bunge lilipitisha sheria ya kuziba baadhi ya mapengo: kuweka kikomo cha anachotoa mzee kwa hospitali na madaktari, na kuanza kulipia dawa. Aliyeisaini ni Rais Ronald Reagan, yuleyule wa santuri. AARP, jumuiya kubwa ya watu wa miaka 50 na kuendelea, iliiunga mkono. Tatizo lilikuwa bili. Iliamuliwa kwamba wazee wenyewe watagharamia, na wenye kipato kizuri wataongezewa kodi ya hadi dola 800 kwa mtu kwa mwaka wa kwanza. Wengi wa hao tayari walikuwa na nyongeza ya bima kutoka kwa waajiri wao wa zamani. Walichokuwa wanakiogopa, yale matunzo ya muda mrefu, hakikuwemo. Halafu uvumi ukaenea kwamba kila mzee atalipa hizo 800, jambo ambalo halikuwa kweli.

Tarehe 17 Agosti 1989, mbunge Dan Rostenkowski, aliyeshika kiti kilekile alichokuwa nacho Mills, alitoka kwenye kikao na wazee wa jimbo lake la uchaguzi. Alikuwa mmoja wa wanaume wenye nguvu kuliko wote Washington. Wazee wakamfuata hadi kwenye gari wakimzomea na kumwita mwoga. Wakalizingira, wakagonga vioo kwa mabango, na bibi mmoja akalalia boneti asimruhusu kuondoka. Mwishowe Rostenkowski akateremka, akakata mtaa kwa miguu, akapita katikati ya kituo cha mafuta huku umati ukimfuata, mpaka dereva akamwahi na akarukia ndani ya gari. Kamera za televisheni zilikuwepo. Kabla mwaka haujaisha, Bunge lilikuwa limeifuta sheria hiyo, baadhi ya faida zake zikiwa hazijaanza hata kutumika.

Nimeona watu wakilisimulia tukio hilo kama kichekesho cha wazee wasioelewa. Mimi naona walielewa vizuri sana jambo moja. Wao walikuwa wameshakatwa miaka yote ya kazi, na makubaliano kichwani mwao yalikuwa kwamba uzeeni wanapokea. Kuwarudia na bili nyingine kulikuwa kama kumdai mtu nauli akiwa ameshashuka.

Miaka 20 baadaye, mwaka 2009, Marekani ilipokuwa inajadili mageuzi ya afya ya Rais Obama, mzee mmoja alisimama mkutanoni South Carolina na kumtaka mbunge wake, Robert Inglis, kuhakikisha serikali haitii mkono kwenye Medicare yake. Inglis alijaribu kumweleza kwamba Medicare ni mpango wa serikali. Hakufanikiwa. Mzee huyo alichekwa nchi nzima. Kichwani mwake, cha serikali ni kile wanachopewa wengine bure. Hiki ni chake.

Wanasiasa walijifunza. Sheria ya dawa ya mwaka 2003, chini ya George W. Bush, haikuwaongezea wazee kodi mpya hata moja. Ila ilikuwa na kifungu kilichoikataza serikali kupatana bei na watengeneza dawa, mnunuzi mkubwa kuliko wote sokoni akafungwa mdomo. Kura za maoni zilizofuata zilionyesha wananchi walio wengi mno, wa vyama vyote viwili, wanataka kifungu hicho kiondoke. Kiliguswa mwaka 2022. Miaka 19! Sheria ya mwaka huo iliruhusu kupatana bei kwa dawa chache kila mwaka, ikaweka insulini dola 35 kwa mwezi, na kuanzia 2025 ikaweka kikomo cha dola 2,000 kwa mwaka kwa dawa za Sehemu D. Bei za kwanza zilizopatanishwa, za dawa 10, zilipangwa kuanza Januari 2026. Kwa hiyo ukitaka kuiondolea Medicare kitu, maoni ya umma yatakuzuia ndani ya miezi. Ukitaka kuiongezea, na upande wa pili kuna viwanda vyenye fedha, maoni hayohayo yatakaa kwenye foleni.

Kuna mzigo mmoja usiokubali kusubiri. Watoto waliozaliwa kati ya 1946 na 1964, kizazi kikubwa kilichofuata vita, sasa ndio wazee. Wanaokatwa ni wachache kwa kila anayepokea kuliko ilivyokuwa zamani. Wadhamini wa mfuko wa Sehemu A, katika ripoti yao ya mwaka 2025, walisema akiba yake itaisha mwaka 2033. Hapo mpango haufi. Makato yataendelea kuingia na yatatosha karibu asilimia 89 ya malipo. Asilimia 11 inayobaki ndiyo ugomvi. Kupandisha umri hadi 67? Walio wengi hawataki. Kupunguza huduma? Hilo ndilo hawalitaki kabisa. Februari 2023, Rais Biden akihutubia Bunge, aliwataja Warepublican fulani kuwa wanataka kuigusa Medicare na pensheni. Wakamzomea. Akawaambia basi tumekubaliana haiguswi, na wakasimama pande zote kupiga makofi. Ukumbi mzima uliafikiana kutofanya kitu.

Kwa Waswahili walioko Marekani kuna mambo matatu ambayo huwapiga chenga. La kwanza, miaka 10 ya kazi ni yako au ya mwenzi wako wa ndoa. Kazi ya mtoto haihesabiwi kwa mama yake aliyemleta kutoka Tanga au Bukavu. Mzazi mwenye ukaaji wa kudumu lazima awe ameishi huko miaka 5 mfululizo ndipo aweze kuinunua, na bei kamili ya kununua Sehemu A, mwaka 2025, ilikuwa dola 518 kwa mwezi. La pili, sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 iliwaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye orodha ya wanaostahili, hata waliokwisha kutimiza miaka ya kazi, na waliokuwa tayari ndani wakapewa hadi miezi 18. Kwa familia za Wakongo waliopitia kambini, hati ya ukaaji wa kudumu imekuwa jambo la kufuatilia mapema. La tatu, Medicare kwa kawaida hailipi nje ya Marekani. Ukistaafia Mombasa, kadi ni pambo. Na ukiacha kulipia Sehemu B kisha ukarudi baada ya miaka, ada yako inaweza kuongezwa asilimia 10 kwa kila mwaka mzima uliokaa nje ya mpango.

Shangazi alitimiza miaka 65 mwaka 2023. Kadi ilikuja kwa posta kabla ya siku yake ya kuzaliwa, akanitumia picha yake kwenye WhatsApp akiwa ameishika kama cheti cha ndoa. Kisha akapiga simu.

"Mwanangu, na yale meno yangu ya nyuma?"

"Meno hayamo, shangazi."

"Miaka yote hiyo wamenikata, meno hayamo?"

Desemba hiyo alikata tiketi ya kwenda Moshi, na miadi ya kwanza aliyoiweka, kabla hata ya kuwaarifu ndugu, ilikuwa ya daktari wa meno.